Kamba Imekaza

…na mipira tumeitoa yote, nimeukagua uwanja mwenyewe mpaka kule nyuma ya wavu, hakuna mpira, hakuna fimbo, hakuna mfupa wa kugombania, maji mabakuli mawili, moja huku moja kule, geti Kirsten kalifunga na kulitikisa mara mbili, chanjo wote wanazo, na tumekuja uwanja wa besiboli ambao si kwake wala si kwangu ili asiwepo mbwa wa kusema hapa ni kwetu, kila kitu kiko sawasawa, hatua kumi na tano kati ya Gus wangu na Dolly wake, na Gus ananguruma. Ananguruma tena. Jumamosi ya tatu hii… “Usijali, Bi Doreen, tuwape muda,” anasema Kirsten, mpole, mpole kupita kiasi, laiti angekuwa na roho mbaya kidogo ningemchukia nikapumzika, lakini huyu ndiye mleta barua wetu, miaka sita anapanda ngazi zangu na Gus amelala pale kibarazani, hajawahi kumbwekea hata siku moja, Verne alikuwa akicheka, mbwa gani wewe hata mleta barua humbwekei, nitakurudisha dukani… Verne, mume wangu, kafa Novemba, na barafu ya Novemba ile ile bado iko pale pembeni ya uwanja, imekuwa nyeusi, haitaki kuyeyuka, na leo ni Aprili. “Leo kavaa uso wa mwalimu mkuu,” Kirsten anamtania Gus, “ee babu, mbona umenuna hivyo, mwenzio kakuletea salamu,” na mimi nacheka, ninajisikia nikicheka, ha, ha, mkono wangu unauma, kwa nini mkono unauma… mwanangu Lyle kapiga simu Jumanne, mama, chumba cha nyumba ya wazee kiko tayari, unahamia tarehe mosi, ghorofa ya nne, kuna lifti, kuna ukumbi wa karata, nikamwuliza na Gus, akasema mama jamani hilo si tulishaongea, mbwa hawaruhusiwi, samaki wanaruhusiwa, samaki! kwani samaki nitamwambia nini, samaki atakuja kuweka kichwa juu ya goti langu saa ya habari? Lakini Lyle si mbaya, nilianguka bafuni mara mbili na ni yeye aliyeniokota, hiyo siwezi kuikataa. Basi ni Kirsten. Kirsten akimchukua, Gus ana ua wa kukimbia, ana mwenzake, ana mtu anayemjua. Kirsten akishindwa, Gus anakwenda kwenye kituo cha mbwa wasio na mwenyewe, kizimba cha saruji, na ana miaka kumi na mmoja, nani anakuja kuchukua mbwa wa miaka kumi na mmoja, na wasiochukuliwa tunajua wanafanywaje, tunajua sote, hatusemi tu… “Mimi namtaka,” Kirsten kaniambia juzi kwenye ngazi, barua mkononi, “namtaka kweli, Bi Doreen, lakini Dolly ni mdogo, nikiwa kazini wako peke yao, siwezi kurudi nikute damu. Tujaribu Jumamosi moja tena.” Moja tena. Ndiyo hii. Na huyo Dolly sasa, mtazame, kalaza kifua chini, kainua matako juu, mkia unazunguka, ndivyo mbwa wanavyoambiana njoo tucheze, hata kipofu angeelewa, na Gus… ngoja… Gus mkia wake umecheza. Nimeuona. Kidogo, kushoto kulia, masikio yamelegea, babu wa watu kataka kucheza, na hapo hapo nikahisi mkono wangu ukivuta. Mimi. Nimevuta, kamba nimeizungusha mara tatu kwenye kiganja, fupi, imekaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na ukanda umembana shingoni, na manyoya ya mgongo yakasimama, na akanguruma. Ee Mungu. “Legeza kidogo, Bi Doreen,” anasema Kirsten, na mimi najibu upesi, upesi mno, “ni baridi yabisi hii, mwanangu, vidole havifunguki,” uongo, vinafunguka, asubuhi vimefungua kopo la kahawa… Miaka thelathini Verne alifundisha mbwa kila Alhamisi ukumbini kanisani, na mimi nilikuwa nyuma pale na birika la kahawa na keki, nilimsikia akimwambia kila mtu, wakulima, wauguzi, mchungaji mwenyewe, bwana we, mbwa hana shida, shida ni wewe unayeshika kamba, ukikaza umemwambia kuna adui, legeza, legeza mkono bwana. Miaka thelathini! Ningeweza kufundisha mimi. Kwa hiyo nilijua. Nisijidanganye hapa, mwanamke mzima, nilijua Jumamosi ya kwanza, na ya pili nilijua, na niliporudi nyumbani nilikuwa na furaha, aibu gani hii, nilimkaangia yai, nikamwambia wewe kijana umekuwa mkali kweli, tukakaa wawili kochini kama watu walioshinda kesi. Nilimfundisha kunguruma. Mbwa ambaye hajui kumkasirikia hata mleta barua nimemtia adui mwilini kwa mkono wangu huu, ili asichukuliwe, ili abaki na mimi, abaki wapi? Hakuna kubaki. Tarehe mosi mimi napanda lifti, kubaki kumekwisha, ninachochagua mimi ni ua au kizimba, na Jumamosi mbili mfululizo nimemchagulia kizimba kisha nikamkaangia yai. Lo, Doreen. Na yeye bado ananitazama, kageuza kichwa, anauliza adui yuko wapi nimfukuze, yuko tayari, magoti mabovu vile na yuko tayari kunipigania… nalia, naona nalia, Kirsten kaona pia, anatazama viatu vyake. Dolly bado yuko chini, matako juu. Gus bado ananguruma. Kamba bado iko kiganjani. “Kirsten,” nasema, “njoo umshike wewe. Si vidole. Ni mimi ninayemtisha.” Ananyanyua uso, “Una hakika?” na mimi sijafungua hata mzunguko mmoja, ila mdomo umeshatangulia, unasema anaogopa ufagio, usimfagilie karibu, kidonge chake kiweke ndani ya jibini, mwache alale mgongo umegusa ukuta, na usiku wa kwanza atalia mlangoni, nasema, atalia sana, atanitafuta, na wewe usinipigie simu, Kirsten, hata akilia mpaka asubuhi usinipigie, kwa sababu nitakuja.