Bandeji Zilizokosa pa Kwenda

Mwanasheria wa manispaa hakuuona moshi. Si kwamba haukuwepo: kila Jumamosi alipokwenda kumwamkia baba yake aliukuta uani, mwembamba, wenye harufu ya pamba iliyoungua, naye akafunga dirisha huku akimlaumu jirani moyoni. Yeye ndiye aliyeandika kanuni za taka za mji mzima, na kifungu cha kupiga marufuku uchomaji taka majumbani alikipenda kuliko vyote. Nyuma ya jiko la nyumba aliyozaliwa, hata hivyo, hakuwahi kuchungulia.

Nyumbani aliitwa Bwana Kifungu. Jina hilo alipewa na dada yake mkubwa, aliyebaki kumuuguza baba tangu kisukari kilipomtoboa kisigino.

Jumamosi moja aliikuta nyumba imenuna. Baba alikuwa kitandani, mguu ameufunika gubigubi, beseni la maji ya chumvi likipoa sakafuni. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, glavu bado mikononi.

“Mwambie dada yako akapumzike,” baba alisema baada ya kuamkiwa. “Mguu huu hauoshwi tena.”

Dada alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza. Tangu juzi baba alikuwa amekataa katakata. Muuguzi alikwisha kuwaonya kwamba kidonda kikiachwa bila kusafishwa, mguu utakatwa, na baba alilisikia hilo vizuri kabisa. Lakini alimsikia pia fundi cherehani wa jirani akiomba juu ya ukuta kwamba moshi upunguzwe, maana mjukuu wake mchanga alikuwa akikohoa.

“Aliomba kwa adabu,” baba alisema. “Angetukana, ningemjibu.”

Mwanasheria, aliyeamini moshi ni wa huyo jirani, aliuliza ni moshi gani huo. Dada akamtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea mlango, kisha akamwongoza hadi nyuma ya jiko. Hapo palikuwa na debe lenye kutu, na ndani yake majivu na vipande vya bandeji vilivyoungua nusu.

“Dada, unachoma taka? Wewe?”

“Nisipozichoma, unataka nizile?”

Alipomuuliza kwa nini hakuwapa watu wa gari la taka, dada alicheka hadi akajifuta machozi kwa kifundo cha mkono. Akamwambia asubiri gari lije, kwa sababu akimsimulia yeye ataambiwa anatia chumvi.

Gari lilikuja. Mpakiaji alikuwa na namna yake: kabla ya kurusha mfuko wowote aliubonyeza kwa soli ya buti, akisikilizia chupa, sindano, au ulaini usio wa mabaki ya chakula. Mfuko wa bandeji aliouweka dada getini aliubonyeza, akainama, akaunusa kwa mbali, akaurudisha taratibu penye geti.

“Hizi ni za kidonda. Hatuchukui.”

Mwanasheria alijitambulisha, na cheo chake hakukisahau. Mpakiaji alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akasema kwamba bandeji moja tu ikionekana kwenye lango la dampo, gari zima hurudishwa.

“Kanuni ndivyo inavyosema, mkubwa. Chochote kilichogusa damu au usaha.”

Neno *chochote* mwanasheria alilichagua mwenyewe. Wakati ule aliwafikiria wenye hospitali na ujanja wao, akataka wasipate pa kupenyea. Kifungu kingine kilikataza kuchoma taka nyumbani. Cha tatu kilikitaka kila kituo cha afya kiteketeze taka zake chenyewe tu, ili tanuri lisigeuzwe biashara. Kila kimoja kilikuwa na sababu nzuri, na angeweza kukitetea mbele ya mtu yeyote. Kwa pamoja vilikuwa vimemzunguka dada yake pande zote.

Alimpigia simu mkuu wa wakaguzi wa taka. Huyo alicheka, akasema jambo dogo, angewaambia madereva wafumbe macho kwenye geti lile moja. Dada alikuwa amesimama karibu na akayasikia yote.

“Zikifika dampo zitashikwa na nani?” aliuliza. “Wale waokotaji hawana glavu kama hizi zangu. Hapo kifungu chako hakijakosea, mdogo wangu.”

Mwanasheria alimshukuru mkaguzi na kukata simu. Akarudi chumbani, akavuta kigoda, akaomba glavu.

“Baba, ule moshi ni wangu.”

“Wako vipi?”

“Niliandika bandeji zisiende wapi. Pa kwenda sikuandika.”

“Ulisahau?”

“Sikuuliza mtu.”

“Hata hapa nyumbani?”

“Hata hapa.”

Baba alilitazama beseni.

“Na za leo zitakwenda wapi?”

“Nitazipeleka kituo cha afya. Wakizikataa nitakaa nazo pale pale hadi wazipokee.”

“Utakaa na mfuko wa usaha, na shati lako hilo jeupe?”

“Na shati langu hili hili.”

Kicheko kilimtoka baba kabla hajakizuia. Akaivuta shuka pembeni, akaunyoosha mguu. Dada akaenda kuchemsha maji mengine, akamsimamia mdogo wake hatua kwa hatua, akimkaripia kila aliposugua kama anayesugua sufuria.

Kituoni muuguzi mkuu alimkatalia, tena kwa kifungu chake mwenyewe. Alikaa kwenye benchi hadi wagonjwa walipoisha. Mwishowe muuguzi alikubali kuuhifadhi mfuko kwenye kisanduku cha taka hatarishi, kwa sharti kwamba suala hilo lifikishwe kwenye baraza la manispaa. Lilifika. Mbele ya madiwani mwanasheria alisema kwamba kanuni ilikuwa na upungufu, na kwamba aliyeiandika ni yeye.

Kanuni ilirekebishwa, na vituo vya afya sasa hupokea taka za vidonda kutoka majumbani. Mguu wa baba haukukatwa. Jumamosi mwanasheria huuosha yeye, na mfuko huupeleka mwenyewe.