Nusa Kwanza

Mimi Bertille si mtu wa kuomba msamaha. Ulizeni mtaa mzima hapa Kalemie. Lakini kuna mtu ninayemshukuru kila ninapoamka, naye ni Noëlla, mke wa mwanangu, ambaye nilimtesa kwa mdomo wangu miaka sita.

Mjukuu wangu wa kwanza, Damien, alizaliwa na nguvu zake, analia hadi majirani wanacheka. Siku ya tatu akawa wa manjano. Siku ya tano akakataa ziwa, mgongo ukapinda. Hakufa. Ila hasikii, shingo haikai, na kijiko hawezi kushika. Nikasema Noëlla ndiye chanzo: alikula ovyo, ukoo wao una mkosi. Nilisema hata bombani, mbele ya wanawake. Hakunijibu hata siku moja.

Mwaka wa 1979 akajifungua wa pili, mvulana tena. Nikafungua sanduku langu la bati. Humo nilitunza blanketi nililolifuma mwenyewe nikiwa msichana, kwa masista wa Mpala. Ndilo lililompokea mwanangu Germain, kisha Damien. Mende hawakuligusa kamwe, maana nililijazia vidonge vyeupe vya naftalini kutoka Kigoma. Nikamfunika mtoto mpaka masikioni. Chumba kizima kikanukia, nami nikajisifu.

Siku ya pili macho yake yakawa ya manjano.

"Ni kawaida," nikasema. "Itaisha yenyewe."

"Kwa Damien pia ulisema vile, Mama."

Ndiyo mara yake ya kwanza kunijibu. Akambeba mtoto ndani ya blanketi lake, mzazi wa siku mbili, akashika njia ya hospitali kwa miguu. Nikamfuata nikinung'unika.

Muuguzi, Papa Casimir, kabla hajamtazama mtoto aliinamisha pua.

"Hii harufu inatoka wapi?"

"Kwa sanduku yangu," nikasema kwa maringo. "Naftalini ya kweli."

Akalivua blanketi akalitupa nje ya dirisha. Blanketi langu! Nusura nimpige. Daktari akaitwa, Germain akaitwa kutoka bandarini, damu yake ikapimwa ikafaa. Mchana kutwa wakawa wanamtoa mtoto damu kidogo kidogo na kumwingizia ya baba yake.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi, Papa Casimir akaja kutueleza.

"Kuna watoto, damu yao inakosa kinga moja. Naftalini ikiingia, kwa pua ao kwa ngozi, ile damu inaharibika kama chuma yenye kushika kutu, inapasuka. Ile manjano njo takataka yake. Ikizidi, inapanda kwa ubongo. Na ubongo ukisha kuharibika, dawa hakuna."

"Huo ukosefu wa kinga, mutoto anautoa kwa nani?" nikauliza.

"Mutoto mwanaume anautoa kwa mama yake. Watu wengi huku wako nao, hawajue hata."

Kwa mama yake! Nimeungama mengi kwa padri, acha niungame na hili: nilifurahi. Nikafungua mdomo niseme, si niliwaambia? Ndipo nikamwona Noëlla. Alikuwa hanitazami. Alikuwa ananong'ona, "Blanketi. Ilikuwa blanketi." Miaka sita yote alikuwa ameniamini kwamba kosa ni tumbo lake.

Bila naftalini yangu, damu ile ingekaa na amani yake hadi uzee. Mkono uliomfunga Damien ndani ya sumu ulikuwa wangu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ana miaka sita na hawezi kushika kijiko.

Mdogo wake alipona. Kwenye karatasi za Zaire, ambako majina ya kizungu yamekatazwa, ana jina la babu yake. Nyumbani tunamwita Déogratias. Siku ya kumtoa nje walikuja wanawake walewale wa bombani, nikasimama mbele yao.

"Aliyeharibu Damien njo mimi, si Noëlla," nikasema. "Na huyu mudogo amepona juu mama yake alikataa kunisikia. Noëlla, mwanangu, aksanti."

Noëlla alikuja mpaka nilipo, akainamisha pua begani kwangu, akanusa. Akanusa na kikwembe nilichojifunga, upande huu na upande ule. Kisha akanilazia Déogratias kifuani, akaenda kumleta na Damien.