Kanga za Fundi Bomba

Castory alikuwa fundi bomba mzuri, hilo hata waliomwonea kijicho pale Makorora, mjini Tanga, walikubali. Kasoro yake ilikuwa moja: aliamini kwamba angefanyia kazi mahali pengine, angekwishakuwa tajiri. Makorora mafundi ni wengi kuliko mabomba. Ukisema tu barabarani kwamba sinki lako limeziba, wanakuja watano, na wa sita anakuja kuwasengenya wale watano. Kwa hiyo siku aliposikia kwamba kwenye kisiwa cha Kichangani, ng'ambo ya bandari ndogo ya Moa, watu hulipia kubadilishiwa koki bei ambayo mjini Tanga unajengewa choo, usingizi ulimruka.

Kisiwani kule kila kitu ni ghali, maana kila kitu kinavuka maji. Nyanya inalipiwa nauli, msumari unalipiwa nauli, na fundi naye akikubali kuvuka analipiwa nauli, analishwa, na juu yake anabembelezwa.

"Mama Noa," alimwambia mkewe, Dorkasi, "riziki yetu iko kule."

Dorkasi alikuwa amechoka na riziki za kusikia. Baba yake, Mzee Abrahamu wa Lushoto, alikwishawaita mara nyingi wakalime naye kabichi. "Nenda, Baba Noa," akasema. "Lakini Pasaka ikifika hujapata wateja, tunahamia kwa baba. Na usiniletee hadithi."

Castory alimpenda sana baba mkwe wake, kwa umbali. Aliwahi kukaa kwake wiki moja, na kila alfajiri mzee alimwamsha akamfundisha upya jinsi ya kushika jembe, mbele ya shemeji zake. Alikuwa radhi kuzibua vyoo vya kisiwa kizima kuliko kurudi kwenye shule ile.

Basi akavuka. Kwanza alibandika matangazo ukutani kwa gundi ya unga wa ngano. Mbuzi wa Kichangani, ambao na wao maisha yamewapandia bei, wakayala yote, karatasi na gundi yake. Akaenda barazani kwa wanaume. Walimpokea vizuri, wakampa kahawa, wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha kila mmoja akasema kwamba bomba la kwake lina hitilafu ndogo tu, atalitengeneza mwenyewe kesho, inshallah. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bwana Thuwaini, mwenye duka la jumla na nyumba ya ghorofa.

Wiki zikakatika, Pasaka ikakaribia, na simu ya Castory haikulia ila Dorkasi alipopiga kuuliza. Ndipo siku moja akiwa amejilaza, wazo likamjia, akainuka kitandani kama aliyeumwa na siafu.

Kanga! Mbona wanawake wa kanisani kwake walivaa kanga za jubilei, na wakati wa uchaguzi watu wakavaa sura za wagombea mpaka zikachakaa? Tangazo la kanga halibanduki, halilowi, na mbuzi hali kitu kilichofungwa kiunoni mwa mtu. Castory alijiona ana kichwa ambacho serikali ingepaswa kukilinda.

Alirudi Tanga moja kwa moja kwa pikipiki yake aliyokuwa ameiacha Moa, akaiuza bila hata kupita nyumbani, akaenda Chumbageni kwa Kristofa, mchapaji wa fulana za timu. Kristofa akachapa mzigo mzima wa kanga za rangi ya chungwa, na pale panapokaa jina la kanga akaweka: CASTORY FUNDI BOMBA, NIPIGIE WAKATI WOWOTE, na namba ya simu chini yake. Kabla ya kufunga mzigo, Kristofa alisita.

"Ndugu yangu, unajua mwanamke akijifunga, maandishi haya yanakaa wapi?"

"Najua sana," alisema Castory. "Hapo ndipo macho yanapokwenda."

Sasa, kila mtu wa pwani anajua kwamba mwanamume hampi mwanamke kanga hivi hivi. Kanga hutolewa na mume, au baba, au kaka, au mtu mwenye nia. Castory naye alijua, lakini kichwa kikishavimba hakiingizi kitu. Akavuka na mzigo wake, tena akachagua kuzigawa asubuhi, waume wakiwa wametoka, kwa kuwa, alijisemea, anayeteseka na bomba bovu ni mama wa nyumbani. Akapita mlango kwa mlango. "Hodi! Zawadi yako hii, mama." Kwenye kisiwa ambacho doti moja ya kanga hununuliwa kwa mashauriano ya familia, nani angekataa? Walipokea, wakacheka, wakafunga milango, wakacheka tena.

Ijumaa ya wiki ile palikuwa na arusi. Wanawake walikwishapata sare ya bure, wakaivaa wote. Walipopita mbele ya baraza kwenda kwa bibi arusi, kiuno baada ya kiuno, wanaume walisoma jina la Castory, wakasoma namba yake, na waliokuwa wazito wa kusoma wakapata nafasi ya kurudia. Bwana Thuwaini aliisoma kwa mkewe mwenyewe wa miaka mingi, aliyeitwa Harusi, na kikombe cha kahawa kikamponyoka.

Baada ya muda mfupi simu ya Castory ikalia. Akasafisha koo.

"Castory Fundi Bomba, nikusaidie nini?"

"Nimeona namba yako," ilisema sauti nzito.

Castory alikuwa amejifunza kwamba mfanyabiashara makini huuliza tangazo limeonekana wapi. "Karibu sana, mteja wangu. Umeiona wapi?"

"Kwa mke wangu," ilisema sauti.

"Vizuri. Sehemu gani?"

Alichojibiwa hakiandikiki. Kabla ya magharibi alikuwa amesimamishwa katikati ya baraza, akizungukwa na waume wenye hasira. Chombo cha kurudi Moa kilikuwa kinaonekana pale ufukweni, na yeye aliona kabichi tu.

"Mimi nimemuoa Harusi miaka yote hii," alifoka Thuwaini, "jina langu halijapata kukaa hapo! Utazirudisha zote leo hii, kisha uondoke."

"Nitarudisha, bwana wangu. Nisameheni. Nilikuwa natafuta kazi tu."

Wakampeleka nyumba ya kwanza, nayo ilikuwa ya Thuwaini mwenyewe. Mlangoni alisimama Bi Azza, mama yake Thuwaini, na Harusi nyuma yake. Nyuma yao walikuwa wanawake nusu ya arusi, rangi ya chungwa tupu.

"Shikamoo, bibi," alisema Castory. "Naomba zile kanga."

"Marahaba. Kanga ya kupewa mtu anairudishaje?" aliuliza Bi Azza. "Thuwaini, mwanangu, wewe umekasirikia nini?"

"Jina la mwanamume, mama! Namba ya simu!"

"Ya fundi. Na mkeo anaoga kwa ndoo na kata kwa sababu lile bomba la juu utalitengeneza kesho. Kesho hii ilianza lini? Mimi nimezeeka ndani yake." Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Azza akawageukia wanaume wote. "Sikilizeni, baba zangu. Nyumba ambayo maji yatatoka sawasawa, kanga itarudi siku hiyo hiyo, imefuliwa. Nyumba ambayo hayatoki, mke ataivaa mpaka sokoni."

Waume wakatazamana. Thuwaini alikuna ndevu, akatazama chini, akatazama tena kiuno cha mkewe.

"Fundi," alisema kwa shida, "kesho unaanza saa ngapi?"

"Leo," alisema Castory.

Alifanya kazi kama mtu aliyefunguliwa jela. Kila bomba lililopona, kanga ilirudi, na mume aliyelipia kazi aliichana mwenyewe vipande. Kichwa cha Castory kikavimba upya. Akaanza kuwahutubia waume huku akikaza nati: mke si wa kuambiwa kesho, jamani, mke ni wa kutunzwa. Wanawake walimsifu. Alifurahi kweli kweli, na Pasaka haikumtisha tena.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, akiwa barazani kwa Thuwaini anamalizia bomba la ukutani, chombo cha Moa kikashusha abiria. Mmoja wao alikuwa Dorkasi. Mabaharia walikuwa wamemfikishia habari zote, na zaidi.

"Mama Noa!" Castory aliruka. "Tumeokoka! Kazi zimejaa. Lushoto tena basi!"

Dorkasi alimsalimia Bi Azza kwa heshima, akakaa mkekani, ndipo akamgeukia mumewe.

"Naambiwa umewavika kanga wanawake wa kisiwa kizima."

"Biashara tu, mke wangu. Matangazo."

"Sawa. Yangu iko wapi?"

Mzigo ulikuwa umekwisha. Hata wakati wa kuzichapa, haikumpitia Castory akilini kumwekea mkewe hata moja.

"Tangu Noa azaliwe hujaninunulia hata upande mmoja," alisema Dorkasi, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo maana ilimuuma Castory kuliko matusi ya waume wote. "Na bomba la jikoni kwetu nimelifunga kwa mpira wa baiskeli. Mwaka wa pili huu. Kila nikikwambia, unaniambia nini?"

Castory alijua anamwambia nini. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Bi Azza akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Bwana Thuwaini, ambaye tangu Ijumaa ile hakuwa amemtazama Castory usoni, aliinuka, akamimina kahawa na kumletea mwenyewe kwa mikono miwili.

"Karibu, fundi," akasema kwa upole. "Keti nasi. Kumbe wewe ni mwenzetu."

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu wakaja juu. "Na sisi je? Chombo kinarudi alasiri, asije akaondoka! Sisi tupo kwenye foleni!"

Dorkasi alikwishainuka. Aliukusanya mfuko wa spana, akamtwika mumewe begani.

"Mtamsamehe, dada zangu," alisema. "Foleni inaanzia Makorora."