Besi Nyuma ya Ukuta

Tri-tri-tri. Mfuniko wa sufuria ulitetemeka rafuni, gizani, na Virginie hakuhitaji taa ili ajue mume wake yuko wapi. Donat alikuwa mlangoni, mguu mmoja juu ya sanduku lake la majani ya chai, anavuta kamba moja iliyofungwa kwenye mti wa ufagio. Hiyo ndiyo iliyokuwa besi yake, na mtaa mzima wa Albert uliijua.

"Ku kilio, napiga polepole," alimwambia Mimi, binti yao wa miaka minne, "juu bantu ya kulia bapate pa kukanyaga. Ku rumba, nabakamata mu kiuno. Ku kanisa, besi naiimba, naitoa mu shingo. Lakini kazi ni moja: kubeba benzako."

"Na ku Léopoldville?" Virginie aliuliza.

"Kule nitabeba Floribert na guitare yake yote!"

Safari ilikuwa Jumatatu. Miezi miwili nyuma, mzungu mmoja mwenye mashine ya kurekodi aliwapigisha Donat na rafiki yake Floribert nyimbo mbili. Siku ile Mimi alisumbua, Virginie akatolewa nje naye. Nyuma ya ukuta guitare ilipotea, sauti ya Floribert ikapotea. Besi ya Donat peke yake ndiyo ilipita kwenye matofali, mama na mtoto wakaisikia mwanzo hadi mwisho. Mzungu alisema wawili ambao majina yao yatakuwa kwenye diski watapanda gari-moshi kwenda kurekodi zaidi Léopoldville, mji mkuu. Floribert, aliyejua Kifaransa, ndiye aliyempa majina.

Sasa Floribert aliingia, amevaa kofia ya Donat. Aliipokonya wiki iliyopita sokoni, mbele ya watu, na Donat akacheka, kwa sababu walikuwa watani: Floribert wa ukoo wa Mvua, Donat wa ukoo wa Uyoga. Mtani akikunyang'anya, unacheka. Siku yako nawe utamnyang'anya.

"Uyoga! Nimekuletea diski!"

Donat aliipokea kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto wa jirani. Hakujua kusoma. Virginie aliwasha taa. Alikuwa na miezi saba kwenye masomo ya jioni ya wamama, na kidole chake bado kilitangulia macho.

"Flo-ri-bert," alisoma. "Na... Sta-ni-slas."

Akarudia. Herufi hazikubadilika.

"Stanislas gani?" Donat aliuliza.

"Mudogo wangu, nani mwingine!" Floribert alipiga makofi. "Ee, Mama Mimi, usiniangalie vile. Mvua imenyeshea uyoga, basi!"

Donat akacheka. Alicheka sana, akapiga paja lake. "Mwizi weye! Umenipata kweli. Sasa utabatengenezesha jina lini?"

Floribert aliangalia viatu vyake. "Tiketi zilikwisha kutoka, Donat. Mama yangu alisema ndugu kwanza."

"Lakini Stanislas hajue hata kukaza kamba."

"Utamufundisha kesho. Na... nilikuya kukamata sanduku. Mzungu anataka sauti ileile."

Donat alikuwa bado na kicheko usoni, lakini hakikuwa na pa kwenda tena. Virginie akakaa juu ya sanduku, nguo zake zikalifunika.

"Baba Floribert," alisema, "kofia uliikamata mbele ya soko. Ile ilikuwa butani, hata miye nilicheka. Jina ulilikamata mu kificho, miezi miwili, na ku hii meza ukakula bukari yetu ya mahindi. Ni butani gani ile?"

"Shemeji, weye bibi-mwalimu..."

"Toka."

Floribert alimgeukia Donat. Donat alinyoosha mkono, akavua kofia yake kwenye kichwa cha rafiki yake, taratibu, bila kucheka. Kwa watani, hakuna matusi yanayozidi hayo. Floribert alitoka na kichwa wazi.

Kisha Virginie alichana ukurasa wa daftari, akalamba ncha ya penseli.

"Unaandika nini?"

"Mzungu anataka sauti ileile. Namwambia inakaa wapi."

"Wacha, Virginie." Sauti ya Donat ilikuwa imechoka. "Miaka tisa tulipiga pamoja. Ku kilio ya baba yake nilipiga mpaka bidole bilitoka damu. Kama yeye alinikana, mzungu ataamini nani? Guitare bantu banaiangalia. Besi haina sura. Nani atasema ni miye?"

Virginie aliendelea kuandika, ingawa neno la kwanza, *Monsieur*, lilipanda mlima juu ya mstari. Mimi alishuka kitandani, akasimama chini ya taa na shati lake la kulalia.

"Miye nilisikia papa anapiga, kule nyuma ya ukuta," alisema.