Uso wa Abu Sanad

Thamer alilipiga sanduku la chaja mara mbili pale ukutani, na pigo la tatu akalishusha kwenye kichwa cha waya kilichochomekwa garini. La nne halikufika. Labib alikuwa ameshaokota nyundo ya fundi, akamtwanga nayo nyuma ya sikio. Thamer alianguka na mtaimbo wake mkononi, damu ikatambaa kwenye saruji hadi chini ya gurudumu. Fundi Fawwaz, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuifunga chaja hiyo, alitimua mbio na kuacha vifaa vyake vyote.

Labib alikuwa dereva wa teksi ya kuitwa kwa simu, na gari lake la umeme ndilo lililomlisha yeye, mkewe Rudayna na watoto. Kwa muda mrefu alikuwa akishusha waya kutoka roshani yake ya ghorofa ya tatu, ukining'inia mbele ya madirisha ya watu, na majirani wakiutukana kwa zamu. Alipoamua kufunga chaja ya heshima, sehemu yake ya kuegesha ikawa imepakana na ukuta wa jiko la mama yao Thamer na Qusay, wa ghorofa ya chini. Mama huyo alikuwa ameona kwenye simu gari la umeme likiwaka moto, na tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Wanawe wakasema chaja haifungwi hapo, wakasema kwa upole, kisha kwa ukali. Labib akasubiri Ijumaa, wanaume wote wa jengo wakiwa msikitini, ndipo akamwita Fawwaz; Thamer aliporudi akakuta chaja imeshafungwa. Mtu mzima na akili zake anakosa swala ya Ijumaa kwa ajili ya matundu manne ya ukuta! Ujanja huo wa kitoto ndio uliomwaga damu.

Thamer alipelekwa hospitali akiwa hajitambui. Kabla jua halijatua, vijana wa ukoo wake walikuwa wamepanda ngazi na kuuvunja mlango wa Labib. Walivunja vioo, wakapasua runinga, wakayarusha makochi kutoka roshani yakaangukia barabarani. Labib mwenyewe hawakumpata. Alikuwa ghorofa ya nne, amejibanza na familia yake jikoni kwa Abu Sanad, muuza kahawa, mzee aliyelibeba jeneza la baba yake Labib na kumwangalia Labib tangu hapo kama mwanawe wa kumzaa.

Abu Sanad alishuka peke yake, akasimama mbele ya fimbo na visu, akaomba atwa, yaani kisasi kisimame mpaka wazee wa pande mbili wakae. Atwa haisimami hewani. Lazima mtu aweke uso wake dhamana, na uso wa mtu ndiyo heshima yake yote. Mzee akapitisha kiganja usoni.

"Huu hapa uso wangu," alisema. "Labib anaondoka sasa hivi, na mtaa huu hataukanyaga mpaka nimwite. Nanyi hamumgusi, si yeye wala nduguze. Atakayevunja ameukata uso wangu, na nitamwadhibu mimi mwenyewe, awe wenu au awe wangu."

Qusay, mdogo wake Thamer, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushusha fimbo. Wengine wakafuata.

Labib akahamia mji wa jirani wa Zarqa kwa wakwe zake, akawa analala sebuleni na miguu yake ikitokeza nje ya godoro. Gari lilibaki Amman, limechomekwa vilevile. Alipompigia Abu Sanad kuliuliza, mzee alimwambia avumilie, wazee wakishakaa ataletewa. Rudayna naye akamwambia hivyo hivyo, tena kwa maneno makali zaidi. Lakini Labib hakuwa mtu wa kukaa akitazamwa na baba mkwe kila anapomega mkate. Akasikia kwamba Thamer amefumbua macho na kuomba maji. Basi, akajiambia mambo yamepoa. Ataingia wakati wa alasiri, watu wamelala, atachukua gari na kuondoka kimya kimya. Mpumbavu! Mwanamume aliyekulia Amman, anayejua atwa ni nini, akaona uso wa mzee wake ni kitu cha kuazima na kurudisha kabla mwenyewe hajashtuka.

Maegesho yalikuwa matupu. Kwenye saruji, pale palipokuwa na damu, mtu alikuwa amemwaga mchanga. Sanduku la chaja lilikuwa limebonyea lakini taa yake ya kijani iliwaka. Labib akafungua gari kwa rimoti, akavuta waya. Haukutoka. Mtaimbo wa Thamer ulikuwa umekipinda kile kichwa, nacho kikang'ang'ania tunduni. Akavuta kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye gari na kuvuta tena, jasho likimwingia machoni.

"Labib."

Qusay alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi na mfuko wa takataka mkononi. Alikuwa amepauka.

"Nachukua gari tu, ndugu yangu."

"Usiniite ndugu. Toka. Sijakuona."

"Huu waya umekwama. Dakika moja tu."

"Mimi nimefungwa mikono na uso wa Abu Sanad. Binamu zangu wako ndani wanakunywa chai. Toka, we mwehu, kabla hawajasikia."

Hapo ndipo angeondoka akiwa mzima. Badala yake alivuta mara nyingine, kwa nguvu zake zote, rimoti ikabonyezeka mfukoni na gari likaanza kupiga king'ora.

Binamu wawili walitoka mbio, mmoja na kisu. Qusay akatupa mfuko, akawazuia kwa kifua chake. Alikuwa akisema kuna uso, kuna uso jamani, na yule mwenye kisu akauliza uso gani, wakati mwenyewe aliyewekewa ameshaukata. Kisu kilimpata Qusay kwenye kiganja, damu ikamchuruzika hadi kiwiko, naye hakumwachia. Labib aliganda kati ya gari na ukuta. Alijua kwamba Qusay akichoka kidogo tu, yeye ni maiti.

Abu Sanad alishuka na kandambili, mpini wa sururu mkononi. Wote wakanyamaza, isipokuwa king'ora. Labib akakizima.

"Nani kakwambia urudi?" mzee aliuliza.

"Hakuna, ami."

"Mimi nilikwita?"

"Hapana, ami. Nilikuwa nataka—"

"Weka mkono juu ya gari. Wa kulia."

Labib alimtazama mzee usoni, akaona midomo inatetemeka. Akamtazama yule mwenye kisu. Akauweka mkono.

Pigo la kwanza lilivunja mfupa juu ya kifundo, na mlio wake wote waliusikia. Labib akapiga magoti. Mzee akamwambia auweke tena, naye akaurudisha juu kwa kuubeba na ule wa kushoto. La pili lilisaga vidole, bati likabonyea chini yake. Labib alilia kama mtoto. La tatu lilimpata begani, akalala kwenye mchanga ulioficha damu ya Thamer.

Abu Sanad aligeuka, anahema.

"Uso wangu umerudi, au bado?"

Mwenye kisu akatazama chini. Qusay, kiganja chake kimefungwa kwa shati, ndiye aliyejibu.

"Umerudi, ami. Haki umeitoa."

"Basi kisu hicho kirudi jikoni."

Kikarudi. Kisha Qusay akachukua bisibisi katika vifaa vya Fawwaz, akachokonoa tundu la gari kwa mkono wake mmoja mzima mpaka kichwa cha waya kikachomoka. Akautundika waya kwenye ukuta wa jiko la mama yake.

Mzee alimwinua Labib, akamkalisha, akamfunga mkanda. Akaketi mbele ya usukani na kandambili zake. Kioo cha dashibodi kilionyesha gari limejaa chaji mpaka mwisho.

"Hili dude linawashwaje?"

"Kanyaga breki, ami. Bonyeza hapo."

Mzee akabonyeza. Machozi yalikuwa yakimshuka hadi kwenye ndevu, naye hakuyafuta.

"Mbona haliungurumi?"

"Limeshawaka," Labib alisema. "Twende."