Maharage Arobaini ya Mwalimu Ilyasi

Muyinga nzima hakuna mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha sayansi kunishinda mimi, Ilyasi. Kama una wasiwasi, waulize wanafunzi wangu themanini na sita wa darasa la tano. Watajibu ndiyo kwa pamoja, maana kujibu ndiyo kwa pamoja nimewafundisha vizuri sana.

Ndiyo sababu direkta wa shule yetu alinichagua mimi kwenda Gitega, kwenye mafunzo ya viongozi wa sayansi. Kila shule ilipeleka mmoja. Mara ya kwanza tulikutana siku mbili pale Mushasha, mtaa wa Gitega, tukapewa kazi: rudi shuleni, panda maharage arobaini pamoja na wanafunzi, muyatazame siku thelathini, na kila siku muandike kwenye daftari mlichokiona. Atakayekamilisha atapata cheti, na shule yake itapewa kasha la vifaa: mizani, lenzi za mkono, kipimajoto cha kweli. Kasha hilo nililitaka mpaka nikaliota. Kipimajoto changu mimi nakichora ubaoni kwa chaki, na mwaka wa nne huu kinaonyesha joto lile lile.

Basi nilipanda? Sikupanda. Wiki ya kwanza kulikuwa na mitihani, ya pili mvua, ya tatu nikasema bado mapema. Kushtuka, zimebaki siku mbili turudi Gitega. Nikakaa Jumapili na kalamu tatu za rangi tofauti, nikaandika mwezi mzima. Siku ya tano maharage yote arobaini yakachomoza. Baada ya hapo yakawa yanarefuka sentimita moja kila siku, bila kuchelewa, kama yanaogopa kukatwa mshahara.

Tuliporudi Mushasha nikaketi na mwalimu Kasilda wa shule ya Gishubi, mama wa makamo aliyekulia Tanzania, anayesema Kiswahili kama msoma habari wa redio. Akafungua daftari lake. Lina matope mpaka kwenye jalada, na kila ukurasa ni halijaota, halijaota, limeoza, limeoza.

"Dada Kasilda," nikasema kwa sauti ya kufika mpaka viti vya nyuma, "hii iko daftari ya sayansi ao ya mazishi?"

Watu wakacheka. Hata yeye akatabasamu.

"Yamekufa ishirini na tisa, mdogo wangu. Niliwaambia watoto kila mmoja alete harage moja kutoka nyumbani. Sasa huu ni msimu wa kupanda, nani atampa mwalimu mbegu nzuri akachezee? Mama zao wakatoa yaliyotobolewa na wadudu."

"Si ungenunua mazuri sokoni, mambo iishe?"

"Nilitaka. Lakini kumi na moja yakaota, nayo yana matundu vile vile. Watoto wakaanza kubishana kwa nini. Ningewanyamazishaje?"

Bwana Nazario, mkufunzi wetu, alikuwa amesimama nyuma yetu anasikiliza. Akachukua daftari langu, akafunua kurasa taratibu.

"Yote arobaini yameota?"

"Yote, bwana."

"Hakuna hata moja lililooza?"

"Udongo ya Muyinga iko na baraka."

Wakacheka tena. Bwana Nazario hakucheka. Akasema mimi na Kasilda tutakuwa jozi: kila mmoja atatembelea shule ya mwenzake, ataona darasa, kisha atatia sahihi kwenye daftari la mwenzake. Bila sahihi hakuna cheti, wala kasha haliondoki Gitega.

Nilitangulia mimi kwenda Gishubi, Jumatano. Nilikwenda na utani wangu umejaa mfukoni, nikijua nitacheka mpaka jioni. Msichana mmoja, Lucia, akaniwekea maharage mawili kiganjani.

"Mwalimu, lipi litaota?"

Nikayageuza. Yote yana tundu. Nikachagua moja kama mtu anayechagua kadi.

"Hapana," akasema Lucia. "Hilo tundu lake liko kwenye jicho. Mdudu amekula kale kamche ka ndani. Hili lingine limeliwa mgongoni, litaota."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Tuliyapasua yote yaliyokufa, tukaangalia."

Miaka minne nachora mbegu ubaoni na mishale yake, na sijawahi kupasua harage hata moja. Nikatia sahihi kwenye daftari la Kasilda bila utani, na kama kungekuwa na nafasi ya kutia mbili, ningetia mbili.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Kasilda akaja Muyinga. Akaangalia dirishani, akaangalia pembeni mwa darasa, kopo la maharage hata moja hakuna.

"Wanafunzi waliyachukua kwenda kuyapanda kwao," nikamwambia. "Si ndiyo?"

"Ndiyoo," wakajibu wote themanini na sita.

"Hongera, mdogo wangu," akasema Kasilda. "Yafike mpaka mashambani kwa wazazi. Hilo mimi sikulifikiria."

Afadhali angenitukana.

Mgeni haondoki kwetu bila chai, kwa hiyo nikampeleka kwenye duka la vitenge la mama yangu, Mama Kulthumu. Wakasalimiana, Kasilda na shikamoo yake ya Kitanzania, mama akafurahi kama amepewa zawadi. Chai ikaja, na mandazi. Kasilda akafungua daftari langu juu ya meza ya duka, akatoa kalamu. Nilitaka kumwambia, wallahi nilitaka. Lakini nikalifikiria kasha, nikakifikiria kipimajoto cha chaki, nikamsogezea mandazi. Akaandika tarehe. Akaanza K ya jina lake.

"Ah, hiyo kaye naijua," mama akasema, analitazama daftari huku anamimina chai. "Mtoto wangu anatumika sana, kazi haimchoshi, mwalimu. Aliiandika yote Jumapili, kutoka saa saba mpaka magharibi. Hata kusimama hakusimama."

Nikanyoosha mguu chini ya meza.

Kalamu ya Kasilda ikasimama. "Yote kwa siku moja, mama?"

"Yote. Anatumika, anakuja kuniuliza: mama, maharage inatokaka siku ya ngapi? Mi namwambia ya tano, anaandika ya tano. Anarudi tena: mama, na ikitoka, inakuwa na majani ngapi? Namwambia mbili, anaandika mbili." Akaweka birika chini, akanigeukia. "We Ilyasi, mbona unanikanyaga mguu?"