Salamu Ziende Barazani

Mimi hasira zangu ziko karibu, na Ignas alipotutumia kanuni mpya za barua pepe za kikundi chetu cha kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, hapa Kigoma, zilipanda kabla sijamaliza kusoma. Alikuwa ameigawa orodha yetu moja ya barua kuwa tatu: Matangazo, Maswali na Barazani. Kwenye Maswali, aliandika, tuma swali tu. Salamu, pole na asante ziende Barazani.

Yaani mtu aingie kwa watu bila hodi, aseme nisaidieni? Kwetu hata anayekuja kugombana nawe hukuuliza kwanza watoto wameamkaje. Nikasema huyu Ignas, fundi wa kompyuta wa Rusimbi, mji umemharibu.

Lakini haki yake nimpe. Mwenzetu Yona alipouliza swali mara ya mwisho, sote tulimwamkia, tukampa pole ya mvua, tukamuuliza hali ya mama yake, na swali lenyewe hakuna aliyelijibu.

Nafundisha hisabati sekondari huko Kidahwe. Shule ina kompyuta moja, na wanafunzi wangu waliruhusiwa kuitumia kwa ahadi yangu: nitaandika programu ya kupanga ratiba, mwalimu asipangiwe madarasa mawili kwa wakati mmoja. Mkuu wa shule, Madam Recho, alinipa mpaka Jumatatu ya kufungua shule. Ikishindikana, kompyuta inarudi ofisini kuchapia barua, na wanafunzi wanarudi kujifunza kwa kibodi ya kuchora kwenye karatasi.

Ijumaa programu ikanigomea. Kila nikigusa ratiba ya Kidato cha Pili, ya Kidato cha Kwanza nayo inabadilika. Nilihangaika mpaka kichwa kikauma. Mwisho nikawaandikia Maswali, swali tupu kama kanuni ilivyotaka. Nikalitazama, nikaona aibu, nikalifuta. Nikaanza upya: shikamooni wakubwa, poleni na mvua, Frida hongera ya mtoto, mama yangu mguu unaendelea vizuri na anawasalimu. Swali nikaliweka chini kabisa. Nikatuma nikijua Ignas atanitoa kwenye kikundi. Liwalo na liwe.

Jioni jibu likaja, kutoka kwa huyohuyo Frida, anayetengeneza tovuti za wafanyabiashara wa Katonga. "Ratiba zako si mbili. Ni moja uliyoipa majina mawili. Inakili kwanza, ndipo uibadilishe."

Nikainakili. Ikakubali. Nililia, sitaficha.

Ndipo nikaona kwamba kule Maswali swali langu limesimama peke yake, halina hata shikamoo. Na Barazani salamu zangu zote zimefika, neno kwa neno, watu wanazipokea na kumwombea mama. Kuna mtu alikuwa ameikata barua yangu vipande viwili.

Jumatatu ratiba ilibandikwa, kila mwalimu akaenda darasani kwake, na kompyuta ikabaki kwa wanafunzi. Jumamosi nikachukua mkungu wa ndizi nikashuka Rusimbi.

"Mwakeye, mwalimu," Ignas akanipokea kwa salamu ya Kiha, na kabla hajaugusa mkungu akauliza mguu wa mama.

"Barua unazikata mwenyewe?" nikamuuliza.

"Zote. Zinapita kwangu kwanza. Ile kanuni hakuna aliyeifuata."

"Si ungetutoa tu?"

"Nikutoe wewe na shikamoo zako, nibaki na nani? Ila macho yananisumbua siku hizi. Swali lako lilikaa mchana kutwa sijalifikia. Unisamehe, mwalimu."

Mtu aliyeniokolea darasa ananiomba msamaha. Nilimshukuru mpaka akaona haya, kisha nikamwambia barua za wanaoanza kujifunza nitazikata mimi, apumzishe macho.

Ya kwanza ilitoka kwa Honorata wa Ujiji. Ilikuwa ndefu. Alitusalimu kwa majina, akawaulizia watoto, akasimulia ziwa lilivyochafuka wiki hiyo. Nikashuka nayo mpaka mwisho nikitafuta swali, nikarudia kuisoma. Halikuwepo. Aliandika tu kwamba tangu mumewe afariki hana wa kumwamkia asubuhi, na kwamba sisi tunaitikia.

Niliipeleka Barazani nzima, kisha nikaketi kumjibu.